Kriki Iliyokunywa Mawese

Pale parking ya malori ya Bulengera, anayechelewa kuamka hakosi kupewa jina. Juma lile aliyepewa jina hakuwa mtu. Ilikuwa kriki ya Kasika, ile kubwa nyekundu ya magurudumu manne, inayosukumwa chini ya lori na kulinyanyua kadiri unavyopandisha na kushusha mkono wake. Asubuhi, baridi ya Butembo ikiwa bado imekaa juu ya mabati, Kasika alipiga mkono huo mpaka jasho likamtoka, na lori halikuinuka. Jua likishapanda, kriki iliamka. Ikanyanyua. Kisha ikaanza kutoa mafuta kiunoni na kushuka polepole kama mzee anayetafuta kiti.

Bertrand, kwado mwenzake, ambaye naye aliziba tairi hatua chache kutoka pale, aliwatangazia madereva habari hiyo kwa furaha.

"Kriki ya Mama Kasika iko na kazi ya Leta," alisema. "Inaingia bureau saa sita."

Madereva, wanaowajua watu wa serikali, walicheka. Kasika naye alicheka, maana anayenuna mbele ya wateja amemuuzia mpinzani wake wateja hao bila kulipwa. Lakini tumboni hakucheka. Dereva anayekwenda Kanyabayonga anataka kuondoka alfajiri. Hawezi kungoja chuma kiote jua kama mjusi.

Siku ya Alhamisi, Timothée, président wa parking, aliwaita wote wawili. Lango jipya lilikuwa limefunguliwa upande wa barabara kubwa, na kona ya lango ilitosha kwado mmoja tu. Mwingine angehamia nyuma, kwenye matope, yanakovutwa magari yaliyokwisha kufa. Timothée hakutaka kusikia nani alitangulia kufika wala nani ana ndugu katika komiti. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya wote, kila mmoja angenyanyua lori lenye mzigo, na kriki ilikamate hewani mpaka dereva amalize sahani yake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale: dereva haketi kula gari lake likiwa hewani ila ameiamini kriki iliyo chini yake.

Kasika hakuzaliwa na mikono ya grisi. Alitoka Mbau, na biashara yake ya kwanza ilikuwa kuleta mawese, mafuta ya michikichi, Butembo kwa madumu ya bidoni. Vita ilipoifunga barabara ya Mbau hakukaa kuilia barabara. Alianza kuuza mayai ya kuchemsha palepale Bulengera, kati ya malori. Akiuza mayai, aliona kitu. Kilichowaweka madereva pale si njaa, ni tairi. Anayemuuzia mayai anapata sehemu ndogo ya mtu anayengoja. Anayemfanya angoje anampata mzima. Akaacha mayai, akajifunza kuziba tairi kwa kuangalia na kuuliza, na kriki aliinunua kwa dereva aliyechoka na barabara. Mume wake alifundisha shule huko Kanyabayonga, mshahara ukifika siku unapojisikia, na minerval, karo ya watoto, ilitoka katika tairi zile zile ambazo sasa Bertrand alizitolea macho. Kwa hiyo hakukuwa na la kufikiri. Kriki ilikuwa lazima ipone kabla ya Jumamosi, tena iponee nyumbani kwake, pasipo Bertrand kuhesabu nati zake.

Aliipakia kwenye chukudu, kile kigari cha mbao, akaisukuma hadi kwake, akatandika shitingi ya plastiki uani. Kwanza alifungua vali ya kushushia na kuukandamiza mkono wa kuinulia mpaka ukalala kabisa, kwa sababu chuma chenye nguvu ndani hakifunguliwi, kitakupiga. Akasugua vumbi lote la nje. Kisha akang'oa kizibo cha mafuta na kuiinamisha kriki juu ya beseni.

Hakikutoka kitu.

Akaitikisa. Ndipo likadondoka bonge zito la rangi ya chungwa, likafuatwa na jingine, kama uji uliolala. Kasika aliinamisha pua. Hakuhitaji kuonja. Miaka yote ile ya bidoni alikuwa ameyatoa mafuta hayo jikoni kila asubuhi na kuyaweka juani ili yaweze kumiminika. Mbau na Beni mawese hutiririka kama maji; ukiyapandisha huku Butembo kwenye baridi, yanaganda hata hujamaliza kusalimia.

Akakaa juu ya kisigino, akakumbuka. Jephté, mdogo wa mumewe, mwenye taksi ya kwenda Beni, alikuwa ameazima kriki kwa safari moja. Shemeki hakataliwi kitu. Ukimkataa leo, ukoo mzima utakuja kukuuliza kesho. Na alipoirudisha aliirudisha imepanguswa inameremeta, naye Kasika akamshukuru, yeye ambaye siku zote alisema kwamba kitu ulichoazimisha kikirudi kinang'aa kuliko kilivyoondoka, kiulize kilikuwa wapi.

Ijumaa asubuhi alimwita. Jephté aliingia na gari hadi uani, akaona beseni, akaanza kusifia mboga za Kasika zilizopandwa kando ya ua. Kasika alimwacha azisifie mpaka zikaisha.

"Shemeki, ulitia nini mu kriki yangu?"

Jephté alisema mafuta. Kasika alimuuliza mafuta gani. Jephté alisema mafuta tu, mafuta njo mafuta. Kasika akalisukuma beseni kwa mguu hadi mbele yake.

Basi ikatoka yote. Kriki ilikuwa imeanza kuvuja kulekule Beni, mafuta yake yakapungua, abiria walikuwa wanapiga kelele, na mama mmoja jirani alikuwa na bidoni la mawese. "Na ilipandisha muzuri," alisema Jephté. "Kweli ya Mungu, shemeki. Kule Beni ilipandisha muzuri sana."

"Beni iko joto. Ungeipikia na sombe, ingepandisha zaidi."

"Usikasirike."

"Mi sina kasirani. Mi niko na lazima ya gari yako. Leo haitoki hapa mpaka mi niseme."

Jephté alijaribu kueleza kwamba Ijumaa ndiyo siku ya abiria wengi. Kasika alimwambia kwamba hata yeye alikuwa na siku zake za wateja wengi, na kriki ililala asubuhi zote hizo. Deni la namna hii ukilidai kwa maneno hulipwi ila maneno. Kijana akampa ufunguo wa gari.

Pamoja walikitoa kile kiini cha kriki kwenye fremu yake, wakaifungua nati kubwa kwa ufunguo wa mabomba uliorefushwa kwa bomba, na pistoni ikatoka. Ule mpira wa kuziba unaoizunguka ulikuwa umechanika upande mmoja, na uliobaki umelegea kama sikio la mbuzi. Hapo ndipo mafuta yalipokuwa yakipita. Mawese yaliongeza ugonjwa, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa huo.

Kasika hakuchukua mpira wa zamani kwenda kuutafutia mwenzake dukani. Mpira uliochakaa hausemi ukweli juu ya kipimo chake. Aliifunga pistoni yenyewe katika kipande cha kitenge, akaibeba kifuani kama mtoto, wakashuka mjini hadi kwa Octave, mzee wa duka la vipuri.

Octave alipindua makopo yake yote. Kila mpira ulipovalishwa pistoni ulikuwa mpana au mwembamba kuliko mfereji wake. Mwishowe akashika mmoja uliokuwa mkubwa kidogo, akasema ukiingia kwa nguvu utazoea.

"Mupira haina shule, Papa Octave," alisema Kasika. "Haitajifunza."

Akampa pia chupa ya mafuta ya breki, akiapa kwamba kwenye kriki ni yale yale. Kasika aliyarudisha juu ya meza. Alishawahi kuona yanavyougeuza mpira kuwa ulimbo.

Alipogeuka kutoka ndipo aliiona. Mlango wa duka ulikuwa wazi, na kilichouzuia usipigwe na upepo kilikuwa kriki, ndugu wa kriki yake, nyekundu chini ya vumbi, shingo imevunjika na fremu imepinda. Ilikufa kwa shingo, si kwa kuvuja. Sakafu chini yake ilikuwa kavu kabisa. Basi ndani yake kulikuwa na mpira mzima.

Kitu unachokitaka sana kiangalie mara moja. Ukikiangalia mara ya pili, bei imepanda. Kasika alirudi ndani, akauliza habari ya vibandiko vya tairi, akalalamikia gundi, akakaa. Upepo ukavuma, mlango ukasogea na kugonga ukuta.

"Papa Octave, mulango yako utakuja kuvunjika," alisema. "Unaishikisha na kitu ya magurudumu. Upepo ikikuja, inatembea."

Octave alitazama. Ilikuwa kweli, na kwa miaka yote hakuwahi kuliona. Kasika akasema kwamba huko kwake alikuwa na ngoma ya breki ya lori la Fuso, nzito, ukiilaza mlangoni hata ng'ombe hataisogeza. Angemletea, na kile chuma kibovu angekichukua, kisimjazie duka.

Mzee hakufika pale kwa ujinga. "Juu ya nini unapenda mulango yangu hivi?"

"Ukiitengenesha na fundi, gharama utaiweka juu ya bei. Mi njo nitalipa."

Octave alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kriki hata ikifa ni chuma cha ng'ambo, na ngoma ni ngoma. Kasika akajibu kwamba ngoma ni nzito kuliko kriki, kwa hiyo ni yeye Octave anayedaiwa, na angekubali kulipwa chupa moja ya mafuta ya kriki, yale ya kweli, yaliyofichwa rafu ya juu. Waligombana mpaka chai ya mzee ikapoa. Alipoikumbuka chai yake ndipo alipokubali. Jephté alitumwa na gari kwenda kuleta ngoma, na alipoishusha mlangoni kiuno kikamlia. Hakuna aliyempa pole.

Nyumbani kriki ya Octave ilifunguliwa, na mpira ukatoka mzima, mweusi, unaorudi mahali pake ukiubonyeza. Sasa ikaja kazi ya kuosha, na Kasika aliifanya kama anayeosha sufuria za harusi. Mawese hayatoki kwa petroli peke yake. Yanataka maji ya moto na sabuni. Aliosha kila kipande, akavikausha kando ya mbabula, jiko la makaa, mpaka hakukubaki tone la maji, na vilipopoa akavihamisha mbali na moto, ndipo akavipitisha katika petroli. Goroli ndogo za chuma, zile zinazofunga na kufungua njia za mafuta ndani, alizitia katika kikombe na kikombe akakishika mwenyewe. Goroli moja ikipotea katika majani, kriki imekuwa kizuizi cha mlango.

Mpira ule aliupaka mafuta safi na kuuingiza kwa vidole tu, bila bisibisi, mdomo wake ukielekea kule nguvu inakotoka. Ukiuvalisha kinyume, utapitisha mafuta yote na kukuacha ukijiuliza. Akafunga kila kitu. Akajaza mafuta pistoni ikiwa imelala ndani, si nje kama wanavyofanya wenye haraka.

Wakaiweka chini ya taksi ya Jephté. Mkono wa kriki ulikuwa laini kama kukanyaga matope, na gari lilipanda kidogo likarudi.

"Imekufa," alisema Jephté.

"Iko na hewa."

Alifungua vali, akapiga mkono mara nyingi bila mzigo mpaka hewa ikamaliza kububujika kwenye tundu la mafuta, akaongeza mafuta, akafunga. Safari hii mkono ulikuwa mgumu, na gari likapanda vizuri. Kisha, polepole, kwa hila, likaanza kushuka.

Jephté aliinama kuangalia chini. Nje ya kriki hapakuwa na tone. Basi mafuta yalikuwa yakirudi ndani kwa ndani. Kasika hakutukana. Alimwaga mafuta yote katika chombo safi, akaifungua tena vali ya kushushia, na chini ya goroli yake akakuta punje ya mawese yaliyoganda, ndogo kama mbegu ya nyanya, imekaa palepale goroli inapopaswa kukaa. Aliitoa kwa ncha ya kitambaa. Akaosha njia ile mara ya pili kwa maji ya moto, ingawa ilimaanisha kukausha upya, kuunganisha upya, kutoa hewa upya.

Wakati huu, kabla ya kunyanyua, alizuia magurudumu kwa mawe na kupanga magogo chini ya gari, kwa sababu kriki inaaminiwa na anayekula, siyo na anayelala chini yake. Gari lilipokuwa juu, alitoka jikoni na yai bichi, akalilaza juu ya gogo kwenye kitambaa, na kulishusha gari hadi chuma kikakaribia kuligusa.

"Gari ikishuka hata kidogo," alisema, "yayi itasema."

Akaenda kupika. Jephté alikaa juu ya ndoo na kulichunga yai kama askari wa barrière barabarani. Bugali ulisongwa, ukaliwa, masahani yakaoshwa. Yai lilikuwa zima. Kasika alilikaanga, akampa Jephté pamoja na ufunguo wa gari, akamwambia sasa wamemalizana.

Jumamosi kulikuwa na ukungu mpaka salongo ikakaribia kwisha. Watu walitua majembe na fagio, wakakusanyika parking, Jephté naye kati yao. Bertrand alifika na kriki yake imepakwa rangi mpya. Kasika aliangalia mahali pa kazi pa Bertrand, pale kriki hiyo ilipolala usiku, akaona udongo mweusi wenye mafuta. Ndiyo kusema Bertrand alikuwa anaongeza mafuta kila asubuhi na kuomba Mungu.

Kila mmoja alipewa haki ya kuomba jambo moja kabla ya kuanza. Bertrand aliomba kutangulia. Kasika akaomba kuchagua dereva atakayekula zamu zote mbili, akamchagua Lusenge, wa lori la maharagi la Kanyabayonga. Parking nzima iliguna. Lusenge alijulikana hadi Goma kwa kula polepole. Wasaidizi wake walikuwa wanalala usingizi kati ya tonge na tonge.

Bertrand alitabasamu, na Kasika akaelewa kwa nini. Lusenge ametoka salongo, ana njaa. Sahani ya kwanza ataila upesi. Ya pili, atakapokuwa ameshiba, ndiyo itakayokuwa ya Kasika. Alikuwa amepunjwa, na apunjwapo mtu hadharani hana dawa ila kupunguza hasara. Akamgeukia Timothée.

"Président, nani ataangalia kama gari inashuka? Macho ya mutu inapenda rafiki. Tuweke yayi."

Akaeleza. Timothée alipenda neno hilo, na Bertrand hakuweza kulikataa mbele ya watu.

Kriki ya Bertrand ilinyanyua lori kwa nguvu, ikashangiliwa. Yai likalazwa. Lusenge akala, na kweli alikula kama mtu anayefukuzwa. Sahani ilikuwa imebaki matonge machache na mchuzi, pakasikika mlio mdogo, kama mtu aliyekanyaga ganda la karanga. Ute ukatiririka juu ya gogo.

"Imepasuka tu," alisema Bertrand. "Haijavunjika."

"Basi uiuze," mtu akajibu.

Zamu ya Kasika. Baridi ilikuwa bado haijaondoka kwenye chuma, na alipoushika mkono wa kriki uliuma viganja. Akapiga. Lori likaondoka chini kwa pigo la pili. Yai likalazwa, na Lusenge akaletewa sahani ya pili.

Aliitazama sahani ile kama mtu anayeangalia mlima. Akala tonge. Akauliza bei ya maharagi Beni. Akaomba pilipili, pilipili ikaletwa, akasema siyo hii. Akajipangusa, akasimulia habari ya daraja moja na dereva aliyekufa zamani, akala tonge. Jua lilitoka, likapotea, likatoka. Kasika alisimama mikono nyuma na hakuinama kuangalia hata mara moja, maana anayekagua kazi yake mbele ya watu anawaambia waikague nao. Bertrand aliinama mara nyingi kwa niaba yake. Kila mara alichelewa zaidi kuinuka.

Lusenge alipangusa sahani kwa tonge la mwisho, akalimeza, akasema "Wasingya" kuwashukuru waliomlisha. Timothée alipiga magoti mwenyewe, akaingiza mkono, akatoka na yai. Aliliinua juu ili wote walione.

Kona ikawa ya Kasika. Alipoulizwa kama ana neno, alisema ana moja tu, kwa faida ya parking. Ingefaa président atangaze hapo hapo kwamba kriki ya langoni haitoki langoni, si kwa rafiki, si kwa ndugu, ili dereva asifike akaikosa. Timothée aliona ni wazo la mtu mwenye kujali kazi, akalitangaza kwa sauti kubwa, na wazee wa komiti wakaitikia.

Bertrand alisukuma kriki yake kuelekea nyuma. Kasika alimwambia ailete Jumatatu, ila asiongeze mafuta tena, aje nayo inavyovuja, wataelewana bei ya kuitengeneza. Bertrand alisema atafikiri. Wote wawili walijua ataileta.

Juma lililofuata Jephté alisimamisha taksi langoni, akasalimia kwa heshima kuliko kawaida, akauliza habari za watoto na za mboga. Alikuwa anakwenda Beni, tairi moja haimpendezi, naye aliuliza kama shemeki angeweza kumwazima kriki kwa safari moja tu.

Kasika aliendelea kukaza nati za gari lililokuwa mbele yake.

"Ningekupa, shemeki," alisema. "Ile siku ulisikia président. Leta gari hapa."